Kufuli Lisilale Ndani: Mambo ya Kufanya na Kutofanya kwa Wapangaji wa Machakos

Masharti haya ni ya watu wanaoishi kwenye ploti, bedsita na nyumba za kukodi kwa pamoja, kuanzia Katoloni na Mumbuni hadi Mlolongo na Athi River. Hayajaandikwa ili yajadiliwe. Ukikutana na sharti linalokukera, litekeleze kwanza, kisha ukereke ukiwa hai.

La kwanza ndilo mama wa mengine yote: usilale nyuma ya mlango usioweza kuufungua bila ufunguo. Hilo linahusu mlango wa chumba, mlango wa sebule, mlango wa korido na geti la chini.

Kama kuna mji nchini Kenya usiohitaji kuelezwa sababu, ni huu wetu. Usiku wa kuamkia Jumatatu tarehe 26 Machi 2001, bweni la Shule ya Upili ya Kyanguli, hapa hapa Machakos, lilimwagiwa petroli na kuwashwa moto wavulana wakiwa wamelala. Bweni lilikuwa na milango miwili. Mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Wavulana 67 walikufa, na ndani ya uwanja wa shule kuna kaburi la pamoja. Miaka mitatu kabla ya hapo, Machi 1998, wasichana 26 walikuwa wamekufa Bombolulu kule Pwani, nao pia nyuma ya mlango uliofungwa na madirisha ya nondo. Aliyewasha moto ni habari ya polisi na mahakama. Kilichowazuia watoto kutoka ni habari ya fundi wa milango, na hiyo ndiyo yetu leo.

Serikali ilijifunza, angalau kwenye karatasi. Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unataka mlango wa bweni uwe na upana wa futi 5 au zaidi na ufunguke kwa nje. Unakataza mlango huo kufungwa kutoka nje wanafunzi wakiwa ndani, na unakataza grili kwenye madirisha ya bweni. Sasa mtazame kijana aliyelala katika bweni kama hilo. Anamaliza kidato cha nne, anapata nafasi Chuo Kikuu cha Machakos, anapanga chumba mjini na wenzake wawili. Mlango ni wa chuma na unafunguka kwa ndani. Grili imechomelewa pande zote nne. Usiku kufuli linafungwa ndani, na geti la chini linafungwa mapema na mtu ambaye halali pale. Kila kitu ambacho mwongozo ulimkinga nacho akiwa na miaka 17 amekipata akiwa na miaka 19, tena anakilipia kodi.

Ninajua jibu mtakalonipa: wezi. Ni jibu la haki. Hakuna mpangaji ambaye hajaibiwa au hajasikia jirani akiibiwa. Kwa hiyo sisemi mlale milango wazi. Ninasema kitasa kimzuie aliye nje bila kumfunga aliye ndani. Vitasa vya namna hiyo vipo madukani.

MLANGO WA CHUMBA CHAKO

Usifunge kufuli kwa ndani. Mlango wa kawaida wa ploti ni wa bati nene, una komeo la nondo upande wa ndani, na karibu yake tundu la kupitisha mkono ili kufuli lile lile litumike nje mchana na ndani usiku. Usiku ukiingia, kufuli linapitishwa kwenye komeo na kubanwa. Ufunguo unaenda popote: chini ya mto, juu ya televisheni, mfukoni mwa suruali iliyotundikwa msumarini. Sasa iwe saa nane usiku. Stima imepotea kwa sababu waya ndio unaoungua. Moshi wa godoro la sponji ni mweusi na una sumu, na umeshashuka hadi kifuani. Unalegeza magoti kabla hujauona mwali wenyewe. Unapapasa suruali. Umeipata. Ufunguo uko kwenye kishikio kimoja na funguo nyingine tatu. Tundu la kufuli limeangalia chini, na vidole vinatetemeka. Nyuma yako kuna mtu anakohoa na kukusukuma. Na kufuli likishapata joto halishikiki.

Fanya jaribio usiku huu. Zima taa, jifunge kitambaa machoni, lala kitandani, mwenzako apige kelele. Toka nje ukitambaa. Ukifika nje bila kutafuta kitu chochote, umefaulu. Ukilazimika kutafuta kitu, umefeli, na kesho uende dukani.

Nunua moja kati ya vitu viwili: kitasa kinachofunguliwa kwa ufunguo ukiwa nje na kwa kitufe cha kuzungusha ukiwa ndani, au komeo imara la kusukuma kwa mkono lisilohitaji kufuli. Kwa kawaida bei ya kitasa kama hicho haifiki kodi ya mwezi mmoja. Ukichagua komeo, mwambie fundi wa kuchomelea azibe lile tundu la mkono. Wengi husahau hatua hii, mwizi anapitisha mkono na kusukuma komeo, kisha jirani anasema "mnaona, tuliwaambia kufuli ni muhimu." Lililokosekana hapo ni kipande cha bati chenye ukubwa wa kiganja.

Kama huna pesa za fundi wiki hii, piga msumari ukutani kando ya mlango, usawa wa kiuno, mbali na tundu, na ufunguo ulale hapo peke yake bila funguo nyingine. Kila anayelala chumbani aoneshwe msumari huo, akiwemo mgeni wa usiku mmoja. Hiyo ni tiba ya siku chache, si ya mwaka.

Funga mlango wa chumba cha kulala unapolala katika nyumba yenye sebule au korido. Kuufunga ni jambo moja, kuupiga ufunguo ni lingine. Majaribio ya watafiti wa moto huko Marekani yameonyesha kwamba mlango wa chumba ukiwa umefungwa, moshi na joto huchelewa kuingia kwa dakika ambazo mtu huzihitaji ili kutoka au kuokolewa. Mlango wa mbao ulioungua upande wa korido umewahi kuacha chumba kizima upande wa pili.

Usipikie mlangoni. Huu ndio ugonjwa wa singo rumu. Mtungi wa gesi na meko yake huwekwa karibu na mlango ili moshi na harufu vitoke, na kitanda kiko kule mwisho, nyuma ya pazia. Maana yake moto ukianza unaanza kwenye njia pekee ya kutokea, na wewe uko upande usio na njia. Hamisha meko yaende chini ya dirisha, mbali na pazia, na njia ya kutoka kitandani hadi mlangoni ibaki tupu. Makochi, ndoo za maji na rundo la viatu vitafutiwe pahali pengine.

MNAOKAA PAMOJA

Usimfungie mwenzako aliyelala. Nyumba za wanafunzi na wafanyakazi wa zamu zimezoea hili: ufunguo ni mmoja, mmoja anatoka alfajiri, mwingine bado yuko usingizini, basi anayetoka anafunga kufuli kwa nje "asiibiwe" na kuondoka na ufunguo hadi jioni. Aliyebaki anaamka mfungwa. Mara nyingi hucheka tu, anapiga simu, anangoja. Siku ya moto hakuna wa kungoja. Kila anayelala katika chumba awe na ufunguo wake, na kama mlango hauwezi kufunguka kwa ndani ukiwa umefungwa kwa nje, usifungwe kwa nje kama kuna mtu ndani. Hakuna "natoka dakika tano tu" katika sharti hili.

Usimfungie mtu ndani kwa sababu ya ugomvi, hata kwa nusu saa.

Usiweke kufuli lako kwenye mlango wa wote. Chumba chako ni chako, kifunge utakavyo ukitoka. Mlango wa jikoni la pamoja, mlango wa nyuma na mlango wa ngazi si mali ya anayekasirika kwa sababu sukari yake imeliwa. Jikoni likifungwa na gesi inavuja, hakuna wa kuufunga mtungi.

Usiegeshe pikipiki kwenye korido. Ninajua bodaboda ni mkate wako na ukiiacha nje haitaamka. Lakini tangi lake lina petroli, na usukani wake umeziba nusu ya njia ambayo familia sita zitaipita gizani. Mwenye ploti atenge pahali ndani ya ua. Na petroli ya chupa, ile ya akiba, haina chumba cha kulala popote duniani.

WATOTO

Hapa sitalegeza hata neno moja. Usimfungie mtoto ndani ya nyumba ukaenda kazini, sokoni, kanisani au kwa jirani. Kila mwaka vyombo vya habari hapa Kenya huripoti watoto waliokufa kwa njia hii, na habari hiyo karibu haibadiliki: mzazi alitoka, mlango ulifungwa kwa kufuli la nje, majirani walisikia mayowe, wakavunja mlango wakiwa wamechelewa. Mtoto wa miaka minne akiuona moto hakimbilii mlango. Hujificha chini ya kitanda, na hapo ndipo hupatikana.

Mama anayefua nguo za watu kwa kibarua cha siku hana pesa za yaya, hilo linaeleweka. Hata hivyo Sheria ya Watoto ya 2022 inamlinda mtoto asitelekezwe, na moto hauulizi mzazi alikuwa anatafuta nini. Mpeleke kwa shosho, kwa jirani, kwa yule mama wa ploti anayelea watoto kwa malipo ya siku. Wapangaji wa ploti moja wakikubaliana, mmoja hubaki na watoto wa wote kwa zamu. Ikiwa yote yameshindikana leo, jirani aliyeko nyumbani aachiwe ufunguo mkononi na ajue ni watoto wangapi wamo ndani. Nasema mkononi. Ufunguo uliofichwa juu ya fremu haujui kuna moto.

DIRISHA

Usikubali grili iliyochomelewa kabisa kwenye kila dirisha. Chumba kiwe na dirisha moja angalau ambalo grili yake ina bawaba na inafunguka kwa ndani kwa mkono. Fundi yeyote wa kuchomelea anajua kuifanya: anakata vipande vinavyoshika ukuta upande mmoja, anaweka bawaba mbili, upande wa pili anaweka komeo mahali ambapo mkono wa mtu aliye nje haufiki. Kazi hiyo haimalizi siku. Kisha ifungue mara moja kwa mwezi, kwa sababu rangi na kutu huigandisha.

Kwa wanaokaa ghorofa za juu, dirisha si njia ya kurukia. Ni pahali pa kupata hewa na kuonekana na waokoaji. Njia yenu ni ngazi, basi ngazi ziwe tupu.

MOTO WENYEWE

Nitapita haraka, kwa kuwa mengi haya mnayajua na mnayavunja mkiyajua.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hushuka na kutambaa sakafuni. Ukiinusa, funga mtungi, fungua mlango na dirisha, usiguse swichi ya taa wala kiberiti, toka nje.

Usichomeke pasi, koili na birika kwenye estensheni moja. Waya ulio moto mkononi umeshakuonya.

Usiingize jiko la makaa ndani ili kujipasha joto. Baridi ya Juni na Julai hapa kwetu ni kali, lakini makaa yanayowaka katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi. Watu hulala na hawaamki, na hakuna hata kitu kilichoungua.

Mshumaa usimame kwenye sahani yenye maji, mbali na pazia, na uzimwe kabla ya kulala. Simu isichajiwe chini ya mto.

KEATEKA NA GETI

Usilifunge geti kisha ukaondoka na ufunguo. Kama jengo lina geti moja na keateka mmoja, mmoja huyo alale ndani ya geti, au geti liwe na kitasa kinachofunguka kwa ndani bila ufunguo. Jijini Johannesburg, tarehe 31 Agosti 2023, jengo la Usindiso lililojaa wapangaji maskini liliungua usiku. Zaidi ya watu 70 walikufa, na maafisa walisema baadhi ya miili ilikutwa kwenye geti lililokuwa limefungwa. Vyumba vya jengo hilo vilikuwa vimegawanywa kwa mbao na maboksi, jambo ambalo pia tunalijua vizuri huku kwetu.

Ufunguo wa sanduku la mita uwe na watu wawili angalau wanaolala ndani ya ploti. Mwenye ploti hulifunga sanduku hilo ili watu wasiibe stima, sawa, lakini umeme unaowasha moto unazimwa pale pale. Mtungi wa kuzimia moto uning'inie pahali pa wazi. Ule uliofungiwa stoo pamoja na reki na rangi ni pambo.

Jua majina ya waliolala kila chumba. Watu wakikusanyika nje, wa kwanza kuulizwa ni wewe, na "nafikiri wote wametoka" si jibu.

MWENYE PLOTI

Usipige kufuli juu ya kufuli la mpangaji kwa sababu ya deni. Zaidi ya kwamba deni la kodi lina njia yake kisheria, huna uhakika nani yuko ndani. Baba mdaiwa ametoka, mtoto mgonjwa amelala. Wewe umemdai baba, umemfungia mtoto.

Usigawe vyumba kwa plaiwudi ili chumba kimoja kiwe viwili. Plaiwudi ni kuni iliyonyooshwa, na chumba cha nyuma kinachozaliwa hapo hakina dirisha wala mlango wa kwake.

Mlango wa korido na wa nje ufunguke kuelekea nje. Watu wakisukumana gizani, mlango wa kuvutwa ndani haufunguki tena, kwa sababu miili ya walio mbele inaubana. Kwa jengo linalojengwa sasa, huo ni uamuzi wa siku moja kwenye mchoro. Kwa lililokwishajengwa ni fundi na siku mbili. Ngazi ya pili ni gharama kubwa, nakubali, na wenye majengo ya ghorofa nne yenye ngazi moja wanajua ni kwa nini hawakuijenga: pale ingekaa bedsita nyingine.

Na kaunti nayo isijifiche. Katiba ya 2010 iliweka huduma za zimamoto mikononi mwa serikali za kaunti. Afisa anayekuja kukagua kibali cha biashara cha duka la chini anaweza kupanda ngazi na kujaribu geti la juu.

MOTO UKIWAKA

Toka kwanza. Piga kelele, gonga milango ya wenzako ukipita, funga mlango wa chumba kinachoungua nyuma yako. Tambaa, kwa kuwa hewa inayovutika iko chini karibu na sakafu. Kabla ya kufungua mlango wowote, uguse kwa mgongo wa mkono. Ukiwa wa moto, usiufungue. Ukikwama, ziba upenyo wa chini kwa blanketi lenye maji na ukae dirishani. Usimwagie maji mafuta yanayowaka wala waya wenye umeme. Nambari ni 999 au 112, na ukipiga, taja jina la mtaa na kitu kinachojulikana karibu, kwa sababu ploti nyingi hazina nambari.

Usirudi ndani kuchukua cheti, simu wala televisheni. Msemo wa "ajali haina kinga" usiletwe hapa. Karibu kila kilichotajwa katika masharti haya kina kinga, na kinga yenyewe inauzwa kwenye duka la hadwea.

Kodi inalipwa tarehe tano. Mwezi huu, ukishatuma pesa, mtumie mwenye ploti picha mbili: mlango wako ukiwa umefungwa kwa ndani, na grili ya dirisha lako. Muulize fundi anakuja siku gani, na umuulize tena kila wiki mpaka aje.